Majina kwenye ramani ya Turkwel

Ayak, uko? Nimetoka baraza la chifu hapa Lodwar sasa hivi.

Unakumbuka ramani yangu ya miti kando ya mto Turkwel? Miezi minne nilizunguka nikiandika kila ekwar, kila kipande cha miti, ni cha familia gani, ili mtu asije akajenga pale mbuzi wanapokula wakati wa kiangazi.

Wameitumia. Ramani yangu, Ayak! Kampuni ya kujenga nyumba imesoma majina, ikapita boma kwa boma na karatasi za kuuza. Zamani hawakujua wamwendee nani. Mimi nimewaonyesha.

Nikasimama nikasema ramani ile ni ya kulinda miti. Wakili wao akacheka: "Dada, asante sana. Umetupunguzia kazi."

Umetupunguzia kazi! Mbele ya watu wote.

Nikamgeukia Mzee Ebenyo, yule aliyenitembeza mto mzima. "Apa, baba yangu, hata wewe umeweka kidole kwenye karatasi zao?"

"Si uliandika miti ni yangu? Zamani ningeuliza ndugu zangu wote, na wangekataa. Safari hii nimeulizwa peke yangu."

Hakuwa na hasira. Alinishika mkono kabisa.

Fomu yangu ya ramani ilikuwa na nafasi ya jina moja kwa kila ekwar, Ayak. Moja tu. Niliona ndugu wote hawataenea.

Misumeno inaingia Jumatatu. Nimeandika barua ya kupinga, lakini sasa mwenye haki ya kuisaini ni yule tu mwenye jina kwenye ramani, na wote wameshauza.