Sufuri kwenye Fomu

Jumanne, Majimbo

Eti sasa serikali inataka kujua napata ngapi kabla nibeti! Nyama nakata mimi, halafu fomu kwenye simu iniulize kodi ya nyumba na watu wangapi wananitegemea. Hata pasta hajawahi kuniuliza hivyo.

Niliijaza asubuhi pale buchari, kwa hasira. Kwa wanaonitegemea nikaandika sufuri, wasinipunguzie kiwango cha kubeti. Ikakubali papo hapo.

Kabla nirudishe simu mfukoni, mteja akaingia. "Baba Makena, nipimie nusu kilo."

Kutwa nzima ni Baba Makena, Baba Makena. Tangu binti yangu azaliwe, hakuna mtu hapa anayeniita jina langu.

Ruhusa ninayo. Bado sijabeti.

Si hao wa fomu wangenibishia hiyo sufuri hata kidogo?