Mjomba Hachukui Udalali, Lakini Riali Zinapungua

Mpendwa Mwalimu Kombe, naomba unisaidie kabla sijamkosea mjomba au mama, maana naona mmoja wao lazima nimkosee. Mama yangu Ubah anakwenda Umra mwezi ujao nami namsindikiza, safari tumeshamlipa wakala, zimebaki shilingi laki moja na elfu arobaini za matumizi ya huko, ambazo mama alizipata kwa kuuza ng'ombe wake watatu, na magoti yake yamekwisha, hawezi kuizunguka Kaaba kwa miguu, wakala akatuambia kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma tutenge kama riali mia tatu. Nilikwenda Malindi kwenye duka la kubadilishia pesa, wakasema riali moja ni shilingi 35, na juu yake komisheni ya shilingi mia tatu, nikatoka, kwa sababu mjomba Abduba, ndugu wa mama, dalali wa mnada wa ng'ombe hapa Garsen, anazo riali na aliniambia, "Mimi nikutoze udalali wewe, uliyekunywa maziwa ya boma langu? Lete pesa. Riali ni arobaini, basi." Nikampa mkono, na kwetu ukishatoa mkono ng'ombe ameuzwa. Nilipofika nyumbani mke wangu Amina akaniuliza, "Jillo, umehesabu au umefurahi tu?" Nimehesabu mara tatu, naona pesa ya kiti haipo, sijui imekwenda wapi na mjomba hakunitoza kitu. Pesa bado ninazo. Nikirudi nyuma nitaitwa mtu asiye na neno, na mama anasema, "Acheni, nitatembea, Mungu atanipa nguvu." Nifanye nini?

Jillo, Garsen

Jillo mwanangu,

Amina amekuzidi hesabu, mshukuru. Wewe ulikimbia shilingi mia tatu zilizotajwa waziwazi, ukaenda kukumbatia hasara ya elfu kumi na saba usiyoiona. Sikulaumu sana. Mnadani udalali hutajwa, muuzaji anaujua na mnunuzi anaujua, kwa hiyo ukiambiwa haupo unaona umefanyiwa hisani. Pesa za kigeni haziuzwi hivyo. Anayeziuza ana bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na faida yake hukaa katikati. Asiyetoza komisheni ameshajilipa ndani ya bei.

Kwa hiyo usiulize komisheni ni ngapi. Uliza hivi: "Nikikupa laki moja na elfu arobaini, natoka hapa na riali ngapi mkononi?" Malindi, wakishakata mia tatu zao, unatoka na riali 3,991. Kwa mjomba, 3,500. Tofauti hiyo ndiyo kiti cha mama yako, na pesa ya chakula inabaki.

Simwiti mjomba wako mwizi, huenda naye aliuziwa ghali. Mwendee mkiwa wawili tu, umuulize kwa adabu, "Mjomba, kama ningekuuzia wewe riali hizi leo, ungenipa shilingi ngapi?" Akitaja thelathini na nne, nyamaza. Yeye ni dalali, ataliona pengo kabla hujalionyesha. Kisha mwambie dada yake anahitaji kiti. Mkono hata mnadani huachiliwa ng'ombe akionekana kilema kabla pesa hazijatoka, na hakuna anayetukanwa kwa hilo.

Akishusha bei, mshukuru, lakini bado nenda kwenye duka lenye leseni na uchukue risiti. Noti ikionekana bandia na kukataliwa Makka, bila risiti utamrudishia nani?

Asubuhi ya kubadilisha, piga simu maduka mawili au matatu ya Malindi na Mombasa, maana bei ya jana si ya leo. Usingoje uwanja wa ndege. Pale wanajua huna pa kwenda, nao hupanga bei kwa kujua hivyo. Omba noti ndogo ndogo, uzihesabu hapo hapo dirishani hata foleni ikiguna. Na ukitumia kadi huko, mashine ikiuliza ukatwe kwa shilingi au kwa riali, chagua riali, kwa sababu ukichagua shilingi utauziwa kwa bei yao.

Mama naye asirudie habari ya kutembea. Mpe riali mia tatu azifunge mwenyewe kwenye pindo la mtandio wake, si mfukoni mwako, na kiti kikodiwe siku ya kwanza, kabla hamjanunua hata tende.