Nimekwaruza Gari la Tajiri kwa Ndoo Moja ya Maji

Mpendwa Bi. Salme,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana ukianza mapema hutapumzika. Mimi naitwa Athman, ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Nairobi, nina miaka thelathini na sita, mke mmoja, na suti moja ambayo watu wakiiona hudhani ninazo nyingine. Tajiri wangu ni Bwana Gurdeep, Singasinga mwenye nyumba kule Spring Valley na gari aina ya Peugeot 404, rangi ya buluu iliyokoza, ukisimama karibu na mlango unajiona sura yako na unaipenda. Mwishoni mwa mwezi uliopita yeye na mkewe walikwenda Kisumu kwenye harusi ya mpwa wao, siku kumi, akaniachia ufunguo akaniambia, "Athman, Jumamosi nenda nyumbani, washa injini dakika kumi, zima, funga, rudi kwako. Umeelewa?" Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilielewa, Bi. Salme, ubaya ni kwamba kuelewa hakukunizuia.

Jumamosi ikafika, nikawasha injini, ikanguruma kwa adabu, nikasema moyoni kwamba injini haipati joto vizuri ikiwa imesimama, nikampungia mkono Zedekiah, mlinzi wa pale, anifungulie geti, nikaenda mpaka Dagoretti, ambako shemeji yangu Mabruki ana bucha, na huyu Mabruki tangu nimwoe dada yake hajawahi kuniita kwa jina, huniita "yule wa dukani". Nikapita mbele ya bucha mara tatu. Mara ya kwanza hakuniona, ya pili alikuwa anakata mifupa, ya tatu nikapiga honi, akainua kichwa akasema, "Gari la nani hilo?" Hakusema karibu, hakusema hongera, nami nikajibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma, "La kazini." Akarudi kwenye mifupa yake. Hiyo ndiyo faida yote niliyoipata katika safari ile.

Hasara sasa. Barabara za kule wakati huu wa ukame unazijua, vumbi jekundu linaingia hata kwenye meno, na niliporudi Spring Valley gari la buluu lilikuwa rangi ya matofali. Nililazimika kuliosha, lakini maji ndiyo haya ya mgao, bomba linatoka kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, mipira ya kuoshea magari imepigwa marufuku, na pale uani palikuwa na ndoo moja, tena ya maji yaliyokwisha kupigiwa deki ya veranda. Zedekiah akaniona nakunja mikono ya shati, akaja akaniambia kwa upole, "Bwana karani, maji hayo yako na mchanga. Ngoja, mimi niko na debe ya maji safi huko nyuma kwa chumba, tutagawana. Kwanza tunamwaga kidogo juu, vumbi inalainika, halafu kitambaa laini, polepole. Nilikuwa naosha magari ya hoteli miaka sita." Debe lile ndilo walilowekea maji ya kupikia yeye na mkewe na watoto, na alikuwa tayari kunipa. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikamjibu, "Zedekiah, wewe linda geti. Mimi nimefika darasa la nane."

Darasa la nane likachovya kipande cha gunia kwenye ndoo ile, likasugua kwa nguvu zote likizungusha mkono kama linasaga mahindi, na palipokuwa na kinyesi cha ndege likatia stilwuli ya kusugulia sufuria. Gari likang'aa kwa ubichi, nikajipongeza, nikarudi nyuma hatua mbili nilitazame. Halafu likakauka. Bi. Salme, boneti nzima na milango miwili ilikuwa na miviringo kama sahani ya santuri, ungeweka sindano ingeimba.

Bwana Gurdeep aliporudi, nami nimekwenda kumrudishia ufunguo, alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kidole kwenye boneti, kisha akauliza, "Nani ameosha gari yangu?" Zedekiah alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nikasikia ulimi wangu unasema, "Labda mlinzi, Bwana, alitaka kukufurahisha."

Zedekiah akasema, "Mimi sikugusa." Akanitazama mimi, hakumtazama tajiri. Bwana Gurdeep akamwita mwongo mbele ya mke wake Zedekiah, akamwambia mwisho wa mwezi aondoke na chumba akihame.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti, mke wangu Mwanasiti anadhani nina vidonda vya tumbo, ananipikia uji usio na sukari, nami naunywa kwa sababu siwezi kumwambia ugonjwa wenyewe. Basi naomba uniambie, ipo dawa gani ya kung'arishia inayofuta mikwaruzo ya namna hii, niipake kimyakimya mambo yaishe?

Wako mwenye aibu,
Athman, Ngara

*

Athman,

Nimecheka, sikufichi. Nilipofika kwa Zedekiah nikaacha. Barua yako ilinifikia zimebaki siku sita mwezi kwisha, kwa hiyo sikungoja siku ya gazeti, nilikuandikia kwa posta mchana ule ule. Haya ndiyo niliyokuandikia.

Mtu anafungishwa virago na watoto wake kwa uongo wako, nawe unaniuliza habari ya rangi. Huoni haya? Unasema ulimi ulisema wenyewe. Haukusema wenyewe. Ulikuwa umekwisha kumdharau Zedekiah siku ile alipokupa maji yake, ndiyo maana jina lake lilikuja haraka mdomoni ulipotafuta wa kumtwika. Najua unaogopa kupoteza kazi, na si woga wa kipuuzi, mjini hapa kazi ni ngumu kupata. Lakini yeye naye anaogopa jambo hilo hilo, tena bila kosa.

Kesho asubuhi, kabla hujavua koti, ingia kwa Bwana Gurdeep. Usianze na ukame, usianze na bomba, na hiyo safari usiiite ya kupasha injini joto. Mwambie, "Gari nililiendesha mimi, nikaliosha mimi, nikamsingizia Zedekiah." Kisha funga mdomo. Akikufukuza, nenda, utakuwa umefukuzwa kwa kosa lako. Asipokufukuza, jitolee kugharamia fundi wa rangi. Ukitoka hapo nenda Spring Valley ukamwambie Zedekiah mwenyewe, uso kwa uso. Na Mwanasiti mwambie jioni hiyo hiyo, uji huo unamharibia unga bure.

Kuhusu gari, nimemuuliza fundi wa mtaani kwetu. Miviringo ya mchanga hupungua kwa dawa ya kung'arishia ikipakwa na anayejua. Ya stilwuli haitoki mpaka rangi mpya. Siku nyingine liweke kivulini lipoe, chukua ndoo mbili za maji safi hata zikiwa nusu nusu, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Lowesha kwanza, anza juu ya paa ushuke, magurudumu yawe mwisho, na kitambaa kikianguka chini usikirudishe kwenye gari. Na maji yasipotosha, liache na vumbi lake. Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya gari lenye vumbi.

Bi. Salme

*

Wiki iliyopita Athman aliniandikia tena, akaniruhusu kuchapa yote na majina nisiyabadilishe. Sehemu ya barua yake ni hii:

"Nilimwambia tajiri kama ulivyoniagiza, Bi. Salme. Akasema, 'Gari itapakwa rangi. Lakini mimi nimemwita mtu mwongo mbele ya mke wake kwa sababu yako. Ingia garini.' Akaniendesha mpaka Spring Valley. Tulikuta kitanda cha Zedekiah kimekwisha kutolewa nje, na mkewe, Bi. Nzembi, anafunga sufuria kwenye shuka. Bwana Gurdeep akamwomba Zedekiah radhi, akamwambia abaki. Mimi nikasema yangu mbele yao wote. Zedekiah akajibu, 'Nimesikia.' Mkono hakunipa, na sikumlaumu. Kazi bado ninayo, ila ufunguo wa gari sitaushika tena. Bi. Nzembi ndiye aliyesema nami zaidi. Alinitazama kutoka kiatu mpaka kofia, akasema, 'Basi usisimame hapo kama mgeni. Shika upande huo wa kitanda, turudishe ndani.' Nikavua koti la suti, nikashika."