Joto Kutoka Ujerumani

Bariadi, mwezi wa saba

Kwako mdogo wangu Felisita,

Mwangaluka, mdogo wangu. Hamjambo huko Mwandoya? Shemeji anaendeleaje na goti lake, na ng'ombe wanapata majani? Sisi hapa ni mhola, wazima kabisa. Pamba tumeshauza, na mimi mwili umenirudia hadi wenzangu wa jumuiya wananiuliza ninakula nini. Nawaambia nakula matunda ya tumbo langu.

Shukrani wangu sasa ni fundi mkubwa Ujerumani. Kazi yake ni kufunga mitambo ya joto ndani ya nyumba za watu, maana baridi ya kule inamuua mtu kitandani. Ndiye aliyetuma kifaa cha kuongoza joto kwenye banda letu la vifaranga. Kinakaa ukutani, joto likishuka kinawasha taa za kuwapasha vifaranga joto, likipanda kinazima, chenyewe, na mwanangu anakiona na kukiamuru kwa simu yake akiwa kulekule. Mke wa mwenyekiti alikuja kukitazama, akasema mbona kinafanana na saa ya ukutani. Nikamjibu kwamba wanawe wa Kahama hata hiyo saa hawajamletea.

Usidhani kilifungwa hivi hivi. Shukrani alisema si kila kifaa kinapatana na kila mtambo. Vingine vinataka umeme mdogo, ukivipa umeme wa nyumba vinaungua na banda linafuata. Basi akanipigia simu ya video, akaniambia nizime swichi kubwa, nifungue kifuniko, nimulike nyaya aone zimekaaje, kisha nimsomee maandishi ya kwenye taa. Mimi huyu wa darasa la saba nilimulika, na mwanangu akasema nawazidi vijana wake wa kazini. Hapo ndipo alipogundua kwamba kile alichokuwa amenunua hakifai, akakirudisha dukani, akatafuta kingine kinachobeba umeme wa taa zetu. Limbu, fundi wa mtaani kwetu, alikuja kukaza skrubu tu.

Sasa habari za Nyanjige, mkwe wangu, yule uliyemtafutia Ndaki wetu, ndugu yake Shukrani, hapo kwenu. Tangu tumzike Ndaki, yeye ndiye aliyekuwa akilea vifaranga. Sidanganyi, ana mkono. Enzi za jiko la mkaa alikuwa analala nao bandani. Kifaa kilipofungwa akapata kupumua, vifaranga wakanawiri, wateja wakaja kutoka Maswa hadi Lamadi. Ila wakifika stendi wanamwambia bodaboda awapeleke kwa Nyanjige. Banda nimejenga mimi, kifaa kimetoka kwa mwanangu, lakini ni kwa Nyanjige. Siku moja mteja alinikuta mlangoni nafagia, akaniuliza mama, bosi wako yupo. Nilimwambia yupo, apite ndani.

Ulisikia kwamba vifaranga walikufa wote. Nyanjige alikwenda msibani Sola, akalala huko kwa kukiamini kifaa. Alfajiri ilikuwa na ile baridi kavu ya kiangazi. Aliporudi aliwakuta wamerundikana kona moja, wa chini wamekufa kwa kubanwa, wa juu kwa baridi. Alipiga magoti akawa anawapulizia pumzi viganjani, mmoja mmoja, kama mtu aliyechanganyikiwa. Nami nikasema mbele ya majirani kwamba mikono iliyomuuguza Ndaki mpaka kaburini haiwezi kukuza kitu. Nyanjige alifunga nguo zake kwenye kanga, akaja kwako.

Ukanipigia simu kuniuliza kama kifaa kiliharibika, na kama ni hivyo nimwite arudi, maana nyumba ya marehemu mumewe ndiyo kwake na kosa si lake. Mdogo wangu, kifaa hakikuharibika. Kazi ya mwanangu haiharibiki. Siku ile Nyanjige alipopanda gari kwenda Sola, nilimpigia Shukrani nikamwambia shemeji yake ameuza vifaranga wote, azime taa zisile umeme bure. Alizima palepale, akanishukuru kwa uangalifu wangu. Hadi leo anadhani vifaranga wale waliuzwa.

Kwa hiyo umesema kweli, kosa si lake. Lakini harudi. Vifaranga wapya wamefika, nawalea mimi, na kibao kipo barabarani, kimeandikwa Mama Shukrani kwa herufi kubwa.

Haya yote ningeweza kukueleza kwa simu. Nimeandika makusudi, kwa sababu macho yako yamekataa maandishi, na najua anayekusomea siku hizi ni yeye. Nyanjige, usiruke mstari. Msomee mama yako mdogo polepole, aelewe.

Sauti yake ikikatika, Felisita, mpe maji ya kunywa, kisha amalizie salamu. Msalimie shemeji, wasalimie majirani wote, na Mungu awape usingizi mwema.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Pelagia, Mama Shukrani