Mpira wa Baba Mdogo

Nyuma ya Soko la Mazao,
Mbinga.
21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Albina,

Kigoma wanakuleaje? Yale mafua yaliyokubana Pasaka yameisha, au bado unafundisha huku unapiga chafya? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Mume wangu Wilfred analala na koti, nikimcheka ananuna. Watoto hawajambo, na kahawa imeiva hata mikono imekuwa myeusi kwa kuchuma.

Barua hii nampa jirani yetu Otilia anayekuja huko kumwona mwanawe. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe hukatiza, na hili nataka ulipate lote kwa mpangilio. Usirukie mwisho. Nakujua!

Shauri lako unajua lilipokwama. Wazee wa Cleopa wanataka kuleta posa tangu mwaka jana, nawe ukasema haipokelewi bila baba yangu, Baba Mkubwa wako, kukaa kikaoni. Ulisema vema. Lakini baba naye alikwisha kuapa kwamba hakanyagi kwa baba yako, tangu bibi yetu alipozikwa Ukata bila yeye kusubiriwa. Siku ile alikuwa Liuli, mvua imekata barabara, akapanda mlima kwa miguu, akafika watu wananawa mikono. Hakutia hata udongo kaburini kwa mama yake. Tangu hapo yeye na baba yako, Baba Mdogo wangu, salamu hakuna. Nimemtuma padre, nimemtuma katekista, nimemtuma Shangazi Emerensiana mwenye maneno yake yote. Wapi!

Sasa sikia habari za gofu. Ndiyo, gofu, na usicheke. Tumeletewa afisa michezo, dada mmoja wa Tukuyu anaitwa Sekela. Yeye na watumishi wenzake wametengeneza mashimo tisa kwenye malisho ya shamba la zamani la kahawa, nje kidogo ya mji. Nyasi wanakata kwa fyekeo, na bendera ni vipande vya khanga. Yeyote anayetaka anafundishwa. Mimi nilikwenda kwa udaku tu, nikanogewa. Baba alipokuja kwangu kutibiwa macho nilimpeleka Jumamosi, na yeye akanogewa. Baba yako naye akawa anakwenda Jumapili baada ya misa. Watu waliozoea kufyeka mashamba, kuzungusha fimbo si kazi. Kulenga ndiyo kazi.

Basi Sekela akatangaza mashindano ya timu kwa watu wa kawaida, wasiolipwa kwa kucheza, kana kwamba Mbinga tunao wanaolipwa. Kila timu watu wanne wa ukoo mmoja, mkwe anahesabiwa. Lazima awemo mwanamke, na lazima wawemo wazee wawili waliopita miaka sitini. Niliposikia wazee wawili, moyo ukaruka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nikachukua fimbo ya gofu.

Nilimwambia baba kwamba ukoo wetu hauna mzee mwingine anayejua kushika fimbo ila mdogo wake. Akauliza kama atalazimika kuongea naye. Nikamwambia gofu ni mchezo wa kimya. Wakati huo kanuni nilikuwa sijazisoma zote, Mungu anisamehe.

Mchezo wenyewe ulipangwa hivi. Kwenye kila shimo wote wanne mnapiga mpira wa kwanza. Kepteni anatazama, anachagua mmoja uliokaa pazuri, wote mnahamia hapo na kupiga tena, hivyo hivyo mpaka mmoja uingie. Ni kama wazee wetu walivyokula sengu, kila nyumba inaleta ugali wake uani na wote wanamega pamoja. Mpira ukitumbukia kwenye ngoro za watu, yale mashimo ya kulimia mlimani, unautoa na kuuweka ukingoni bila adhabu. Ukiingia kwenye kahawa mna dakika tatu za kuutafuta, na usipopatikana hauhesabiwi.

Halafu kulikuwa na masharti mawili, na hapo ndipo jasho lilipotutoka. La kwanza, mpira wa kuanzia wa kila mchezaji lazima uchaguliwe walau mara mbili katika mashimo yote tisa, la sivyo timu inatolewa. La pili, kepteni haonyeshi kwa kidole. Anataja kwa sauti ni mpira wa nani. Na kepteni wetu, kwa heshima ya umri, alikuwa baba.

Jumamosi iliyopita tukaingia uwanjani, wazee wawili, Wilfred na mimi. Baba alichagua mpira wangu, akachagua wa Wilfred, akachagua wake. Shimo la nne mpira wa Baba Mdogo ulikaa pua na mdomo na bendera. Baba akaupita kama jiwe la njiani! Baba yako aliuokota, akaufuta kwenye suruali, akatufuata nyuma. Presha yangu ikapanda. Tulipomaliza la saba nilimvuta baba kando nikamwambia yamebaki mashimo mawili, na yote mawili ni ya Baba Mdogo, akitaka asitake. Alinitazama jicho lile unalolijua.

Shimo la nane akanyoosha fimbo kuelekea mpira wa Baba Mdogo. Sekela, anayeandika alama, akauliza, "Mzee, wa nani?" Baba akanyoosha tena. "Sijasikia, mzee." Timu nyingine zilikwisha kusogea kutazama. Mwishowe akasema, "Xaveri," kavu, kama mwalimu anaita majina darasani. Baba yako alishtuka mpaka fimbo ikamponyoka. Jina lake kinywani mwa kaka yake alikuwa hajalisikia tangu msiba.

La tisa, Baba Mdogo akasahau hata kulenga. Akapiga, mpira ukapinda wee, ukazama kwenye kahawa. Mipira yetu mitatu ilikuwa peupe, wangu jirani kabisa na bendera. Akiuacha wa ndugu yake, tumetolewa. Akiuchagua, tuingie tukautafute. Baba alisimama. Nikajua kabisa anaacha yote, na posa yako inaondoka nayo. Nilishika rozari mfukoni nikamwita Mama Maria.

Baba akasema, kwa sauti waliyoisikia hata wachuma kahawa, "Mpira wa mdogo wangu." Akawa wa kwanza kuingia shambani.

Nilikuwa mstari wa pili, nimeinama, nikawasikia. Baba yako alisema siku ile watu walimwambia daraja limekwenda na kaka amegeuza kurudi Liuli, na padre alikuwa anangojwa kwenye msiba mwingine. Baba akamjibu, "Ningegeuzaje, Xaveri, na mama yangu yumo ndani?" Baba Mdogo akasema, "Nisamehe, kaka. Ningekusubiri hata siku ya pili." Halafu nikamsikia baba analia. Albina, baba yangu! Mimi sijawahi kumwona akilia, hata msibani.

Mpira niliuona. Ulikuwa chini ya mbuni, karibu na kiatu changu, na dakika zilikuwa bado. Wilfred naye aliuona, akanikonyeza nipaze sauti. Nikamtikisia kichwa. Nani angewakatiza wazee wale kwa sababu ya kikombe? Sekela akapiga filimbi, tukatolewa. Kombe wamelichukua watu wa Ngumbo, na walicheza vizuri, sitii neno.

Wakati wa kutaja washindi wazee wetu hawakuwepo. Walikwisha kupanda bodaboda moja, mshikaki nyuma ya dereva, na fimbo za Sekela mikononi (anazidai mpaka leo), wakaenda Ukata. Shangazi Emerensiana aliwaona. Anasema baba alipiga magoti kaburini kwa bibi, akachota udongo kwa mikono miwili, akautia taratibu, akamuaga mama yake. Baba yako alikuwa amemshika bega.

Wilfred na watoto wanakusalimu sana. Shangazi anakusalimu, anataka kujua Cleopa anakula nini ili ajiandae. Mama yako anakusalimu, tangu Jumamosi ile anaimba jikoni. Nami msalimie Cleopa, mwambie mashemeji wapo.

Na baba ameniagiza niandike kama alivyosema, nisiongeze langu: "Mwambie mwanangu Albina wazee waje kahawa ikiisha. Posa yake nitaipokea mimi, nyumbani kwa baba yake, na siku hiyo nitalala hukohuko."

Mungu akufunike huko uliko, akulete salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Hedwiga