Trela la Hema Ambalo Gari Letu Linaliweza

Baba Astrid,

Supu ya mchele-mwitu iko jikoni, ipashe moto tu. Mbwa hajala. Astrid asipewe biskuti, hata akikulilia.

Nimekwenda kuchukua lile trela dogo la hema la kukunjua analouza Bi. Lindqvist. ~~Tutazungumza nikirudi.~~ Hakuna cha kuzungumza, nimeshamwambia tunalichukua.

Najua bado umenuna. Lile kubwa tulilolijaribu asubuhi lilikuwa zuri, na jiko lake pia. Lakini ulisoma uzito wake likiwa tupu ukasema gari letu linaliweza, ukatusahau sisi wenyewe: watoto, mbwa, maji, na mtumbwi wako juu ya paa. Kwenye mteremko wa kushukia ziwani nilikanyaga breki, trela likazidi kutusukuma. Na hapo tulikuwa wawili tu garini. Namshukuru Mungu taa ya barabarani kule chini ilikuwa ya kijani.

Hili dogo halina jiko. Tutapika nje kama kawaida, nawe utalalamikia mbu kama kawaida.

Unasema hukuogopa. Sawa, mume wangu. Goti langu bado lina alama za vidole vyako.

Mama Astrid