Ubao Ambao Sikuufuta

Likasi, tarehe 14 Machi 1976

Yaya Hortense,

Mihogo uliyotutumia kutoka Kapolowe ilifika mizima. Watoto wanakusalimu.

Uliuliza kwa nini yaya Ambroise, kaka yetu mkubwa, hafundishi tena. Nimefungua daftari langu la kila siku ili nisikosee. Macho yake yamekufa tangu miaka miwili. Alificha, na mimi, karani wa chuo, nilimsaidia. Kila asubuhi nilifuta ubao na kuweka chaki upande wa kushoto. Masomo yote alikuwa nayo kichwani, na wanafunzi hawakujua.

Tarehe 3 ilikuwa semina ya kuwaongezea walimu wa chuo ujuzi. Kila mmoja alifundisha mbele ya wenzake na wageni kutoka Lubumbashi. Mimi nilitumwa kuchapa karatasi za wageni, kwa hiyo ubao haukufutwa. Yaya aliandika juu ya maandishi ya mwenzake, mistari juu ya mistari, huku akieleza vizuri sana namna shaba inavyoyeyushwa. Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja akaonyesha ubao, akamwuliza polepole, "Profesa, unaona nini pale ku tablo?"

Yaya akauliza, "Michel iko wapi?"

Barua ya kumwachisha kazi niliipiga mimi kwa mashine, tarehe 9, na nyumbani nikamsomea.

Bado nafika mapema kufuta ubao ule. Mwalimu mpya ameniambia niache, anaweza mwenyewe.

Njoo umwone. Ukifika, taja jina lako mlangoni kabla hujamshika mkono.

Mudogo wako,
Michel